Kipimo

Nilipoondoka Newala walinichangia korosho.
Huyu kilo mbili, yule tatu, Bi Somoe debe zima,
naye si wa kanisa letu hata.
Ghalani wakaandika juu ya gunia kwa mkaa:
SISTA OTILIA, PAPUA,
kama vile ni mimi ninayesafirishwa.

Miaka tisa.
Kule milimani mvua haijui kubisha hodi.
Inaingia zahanati, inakaa kitandani na mgonjwa,
inaotesha ukungu kwenye Biblia na kwenye buti.
Nao pia husema "sista", neno lilelile,
nami nikajidanganya kwamba sijafika mbali.
Nilipokea watoto mia nne na kumi na mmoja.
Wote niliwaandika daftarini. Daftari nimeliacha.
Ni lao.

Miguu ilianza kuvimba wakati wa Kwaresima.
Nikasema ni viatu.
Kisha uso. Nikasema ni usingizi.
Muuguzi huwadanganya wagonjwa kidogo tu;
akijiuguza mwenyewe huwa mwongo kamili.

Mama Mkuu aliandika barua fupi:
Rudi nyumbani upumzike.
Nililisoma neno hilo, kupumzika,
kama tulisomavyo kwenye misalaba ya makaburini.

Sikuleta zawadi.
Watoto wa kaka walifungua sanduku wakakuta eksirei,
wakaziinua juani, wakahesabu mbavu zangu
mpaka wakabishana.

Sasa, Jumanne na Ijumaa, mashine ya Mtwara
inanitoa damu, inaifua, inanirudishia.
Daktari, kijana mpole anayeangalia kalamu yake akisema neno gumu,
amenikataza ming'oko, amenikataza chumvi.
Na maji: nusu lita kwa siku,
chai na mchuzi humohumo.

Nilitoka nchi ya mvua
nikarudi kwenye nyanda ya kiu,
na kiu yenyewe sasa ni dawa.

Siku ile ya kwanza wanawake walikuja.
Hapa kwetu mgeni hapelekewi maua.
Bomba lilikuwa halijatoa kitu wiki ya tatu,
wakashuka Shimo la Mungu saa tisa za usiku,
wakapanda na ndoo vichwani,
wakazipanga barazani, saba, zimefunikwa kwa majani.
Bi Somoe akachota, akanipa kata kwa mikono miwili.
"Kunywa, mwanangu. Kunywa mpaka kiu ikuogope."

Nilishika ile kata.
Miaka tisa niliyaota maji haya
yenye ladha ya mawe na ya ndoo.
Nikiyanywa, nimejiumiza.
Nikiyakataa, nimewapandisha mlima bure.
Elimu yangu yote ya uuguzi ikakaa kimya.

Mama hakusema kitu. Aliipokea kata,
akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati,
kile kilichobanduka rangi mdomoni,
kilichotugawia sisi saba mwaka wa kiangazi kirefu.
Akamimina hadi kwenye mstari wa buluu.
"Asubuhi hiki. Jioni hiki.
Niachieni mimi.
Nimelea watu saba kwa ndoo mbili,
nishindwe kumgawia maji mtu mmoja?"

Wanawake wakacheka. Nikanywa.
Yalikuwa mafunda manne. Niliyahesabu.

Maji yaliyobaki walinifulia shuka,
wakaniogesha, wakanisuka.
Hakuna aliyeniuliza nimewaletea nini.

Juzi nimegundua jambo.
Naye Mama anakunywa kwa kikombe hichohicho,
asubuhi na jioni,
hadi mstari uleule.
Nikamgombeza, kiuuguzi kabisa:
mwili wako una afya, Mama, utakauka,
hii siyo sadaka, hii ni ujinga.

Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.
"Wewe," akasema, "kunywa chako."