Boriti ya Arobaini na Saba

Usiku ule mto Yunxi ulikuja na mngurumo wa malori,
ukalibeba daraja letu zima, paa na vigae,
na madhabahu ndogo ya katikati, na benchi
alipokaa Pan Suzhen kuuza vitumbua vya mchele.
Alfajiri palikuwa na anga tupu
pale tulipozoea kivuli.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Mbao zilizoleka.
Wiki tatu watu wa chini ya bonde walitupandishia,
boriti kwenye trekta, boriti begani,
moja ilirudi na mayai ya bata kwenye tundu lake.
Tukazilaza uwanjani mwa shule kama majeruhi.

Ipi hukaa wapi? Hakuna aliyejua.
Daraja halikuwa na msumari hata mmoja,
mbao ziliumana tu,
na aliyejua kuziumanisha, fundi Zhuo Renchu,
alikuwa kaburini mwaka wa nne
pamoja na lugha yake ya wino:
kikia, kwato, nusu mwezi, mchirizi uliovunjika,
maandishi ambayo maseremala wa bonde hili walirithishana
wala hawakumwandikia mtu mwingine.

Nilirudi kutoka Hangzhou na kamera mbili
na akili mnemba isiyowahi kushika randa.
Nikailisha picha za harusi za miaka sitini,
maana hapa kila bibi arusi alipigwa picha darajani.
Ikawapita maharusi wote, hariri na machozi yao,
ikatazama mbao nyuma ya mabega.

Siku ya tisa ikaanza kusoma.
Kumi na mbili: upande wa kusini, kichwa chini.
Vijana wakaiinua, wakaitia.
Ikaingia kwa sauti ya mlango wa nyumbani.

Arobaini na saba haikuwepo.
Mashine ikaichora yenyewe, laini, haina fundo,
ikaandika pembeni kwa adabu: *hii nimekisia.*

“Mmekisia nini?” akauliza Tu Meizhi, mjane wa fundi,
ndoo ya makapi mkononi.
“Ipo. Inashikilia banda la nguruwe wangu.”

Tukaenda. Tukasugua tope kwa ufagio wa mabua.
Chini ya kikia na kwato palikuwa na kitu kingine,
kidogo kama ukucha: tunda la peasi, na jani lake moja.
Nikaielekezea kamera.
*Alama haijulikani. Huenda mkono uliteleza.
Uhakika: asilimia themanini na moja.*

Meizhi alicheka mpaka akashika mlango wa banda.
“Uliteleza! Ndiyo, uliteleza.
Mwaka ule alikuwa hajatuma hata mshenga.”
Tukamwomba atufafanulie, kwa ajili ya kumbukumbu.
“Andikeni mtakavyo. Mimi nimeshaisoma.”
Akadai boriti nyingine ya banda kwanza,
ya msonobari, iliyonyooka. Tukampa.

Sasa daraja limesimama mara mbili.
Moja hulowa mvua, na Suzhen amerudi na vitumbua vyake.
La pili liko kwenye skrini: mtoto wa Chengdu
au wa Lima hulibomoa kwa kidole,
hulijenga tena, hukosea, hucheka.

Na kwenye jedwali, mbele ya arobaini na saba,
safu ya *maana* iko wazi.
Kila asubuhi mashine hunipendekezea jibu jipya.
Kila asubuhi nalifuta,
kisha naenda kununua kitumbua.