Hewa Haina Bei

Mimi ndiye niliyeshika funguo za mlango usiofungwa
miaka kumi na mitatu, na Mhandisi Mwandoe
hakuniita jina langu hata siku moja.
Aliniita Stoo.
"Stoo, misumari ya inchi tatu jana ilikuwa mia na arobaini."
Nahesabu. Kweli, mmoja haupo.
Anautoa mfukoni mwake, ananionyesha, anakwenda zake.

Msimsifu mbele yangu kwa maneno laini.
Alikuwa mchungu kama shubiri.
Koti moja la kijivu, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani,
na kikombe chake akikiosha mwenyewe
kwa kuwa, alisema, hakuna ajuaye kuosha mkono wa kikombe.

Lakini sikiliza habari ya hewa.

Makongeni, mwaka ule wa mgao,
maji yalikuja Jumanne na Ijumaa.
Kabla yake hutangulia pumzi:
bomba linakohoa, linapiga mluzi,
na mita, kipofu yule wa chuma,
inazunguka, inazunguka, inahesabu upepo.
Mghoi, mkewe, akapokea bili,
akaiweka juu ya sahani ya mumewe mahali pa ugali.
"Kula," akamwambia. "Hii ndiyo hewa tuliyokunywa mwezi huu."

Hakujibu. Ametoka zamu ya reli,
grisi imempanda hadi viwikoni.
Akaenda kuinama kwenye shimo la mita,
na huko akakaa miezi kumi na minane.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, watu husema;
hawasemi magoti hulia vipi.

Kitu chenyewe ukikiona utacheka:
kipande cha shaba, kama kidole gumba,
ndani mna gololi nyepesi ya kuelea.
Hewa ikija, gololi imelala, hewa hupita zake nje.
Maji yakija, gololi huamka, hufunga mlango.
Basi.
Sitini na mbili aliziharibu kabla ya hiyo,
akazihifadhi zote kwenye debe, kila moja na kikaratasi chake:
*Inavuja. Inavuja kidogo. Haivuji, haipumui.*
Hiyo ya sitini na tatu akaiita Pumulio.

Kiwanda kikainunua. Pesa zikaingia.
Watu wakangoja gari, wakangoja ghorofa.
Yeye akapanda ngazi za chuo kikuu na buti zake,
chuo kilichomrudishia barua mara mbili ujanani,
akauliza, "Anayeandika risiti ni nani?"

Masharti aliyaandika kwa penseli.
Karakana isifungwe usiku.
Mwanafunzi asiguse mashine ya kukereza
kabla hajatengeneza kitu kibovu cha jirani,
na jirani atie sahihi.
Jina langu lisipande ukutani.

Ndipo tukaletewa pasi, redio, cherehani isiyorudi nyuma,
mdoli aliyekataa kufumba jicho;
na sahihi za majirani, nyingine za dole gumba,
ninazo bado, faili nne.

Alikufa Julai, baridi ikiwa imeukalia mji.
Tuliporudi kumzika Wundanyi
tukakuta bamba la shaba, pana kama sinia,
vyeo vitatu ambavyo hakuwa navyo,
na jina limekosewa: MWANDOYE.

Wiki ya pili, bamba halipo.
Skrubu nne zimepangwa dirishani, safi, kwa mstari.
Mkuu wa ulinzi akaniuliza.
Nikamwambia mimi ni Stoo, nahesabu misumari.
Hakuniangalia chini ya kucha.

Ijumaa nilikuwa Makongeni kwa Mghoi.
Bomba likakohoa, likapiga mluzi,
mita ikatulia tuli, ikingoja maji.
Akainama na tochi kwenye shimo, pole pole, mkono kiunoni.
Pumulio mpya, inang'aa,
na ubavuni herufi mbili zilizosazwa na msasa:
YE.

"Nani kaiweka?" akauliza.
Maji yakaanza kuja. Nikamshikia ndoo.