Jibu kwa Elisaria, Aliyeuliza Kama Inalipa

Uliniuliza juzi pale bombani, Elisaria,
nina dumu mkononi, nikacheka, nikapita.
Lakini swali lako nimelala nalo siku tatu.

Inalipa.
Mwezi wa nne ililipa bati kumi na mbili za jiko la mama kule Uru
na deni la kikoba, lote.
Mwezi wa tano ililipa vocha.
Mwezi wa sita nililipa mimi:

mtihani wa kujiunga, saa nne, bila senti;
mtihani wa pili, wa kuthibitisha ule wa kwanza;
kifurushi cha usiku, maana kazi hushuka saa nane,
huko kwao mchana, na Pasua nzima inakoroma
isipokuwa mimi na jogoo wa Kimario asiyejua saa.

Kazi yenyewe ni hii.
Mashine inaandika majibu mawili. Mimi nachagua
lipi ni Kiswahili, na lipi ni mgeni
aliyevaa shati la Kiswahili, vifungo vimepishana.
Mtori inauita supu ya ndizi za nchi za joto.
Narekebisha. Dakika sita kila swali.
Ya saba hailipwi.

Usiku mmoja ikaja na neno pole.
Ilidhani pole ni kukiri kosa.
Nikaiandikia: hapana.
Ukijikwaa nami niko ng'ambo ya barabara, nakupa pole,
na jiwe si langu.
Anayetoka shamba hupewa pole. Mwenye homa hupewa.
Ni kumshikia mtu mzigo kwa mdomo.

Ningeishia hapo.
Nikaendelea hadi kwenye sale, jani la mpakani:
kwamba babu aliiba zamu ya maji ya mfongo,
kulipokucha akalipiga jani fundo,
akasimama mlangoni kwa jirani, hakusema kitu,
na jirani akalipokea.
Dakika kumi na nne.
Majibu yakarudi: refu mno, nje ya swali. Sifuri.

Usidhani nalia.
Nimefundisha shule ya mtu binafsi miaka kumi na mmoja,
na miezi mingine tulilipwa ahadi.
Ila mwenye shule nilimjua sura,
nilijua hata baa anayokunywa.
Huyu wa sasa hana mlango
ambao mtu angeweza kusimama mbele yake, na jani au na rungu.

Na hela yenyewe: kuitoa kuna makato,
kuipokea kuna makato, kuibadili kuna makato,
inafika Moshi imekonda
kama mpagazi aliyepanda na kushuka mlima bila kula.

Jumanne umeme ulirudi saa tano. Nikafungua.
Akaunti imefungwa. Ya siku tisa imo ndani.
Sababu hazitolewi.
Chini yake, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko barua ya benki:
Pole sana kwa kazi kubwa uliyoifanya.

Nilisoma mara mbili, kama mwalimu.
Pole imekaa mahali pake.
Haikukiri kosa lolote.

Basi, njoo Jumamosi baada ya ibada ya kwaya yenu.
Usiuze mbuzi ununue kompyuta.
Njoo na daftari, na ndani yake uandike saa, si dola:
saa ulizoketi, saa ulizosubiri,
saa ulizolala mchana mama akidhani unaumwa.
Mwisho wa mwezi ugawanye, kisha usiniulize mimi,
muulize Ndeshi anayekaanga chipsi stendi alipata ngapi.

Mimi nimejiandikisha kwingine. Mtihani keshokutwa.
Ndiyo, najua nilichokwambia.
Utatumia hii yangu hadi upate yako.
Herufi R inakwama; uibonyeze polepole,
ikikataa, andika neno lisilo na R,
yapo mengi.