Mara ya Tatu

Fungeni madirisha. Mafundi wa Kariobangi
wameshaanza kugonga masufuria,
na spika yangu ni ya mkopo, koo lake bovu.

Mara ya kwanza, kalamu chini.
Mwanamume na mwanamke, Kiingereza cha mbali,
treni, koti, saa kumi na robo.
Mara ya pili, andikeni:
nani anasafiri? Kwenda wapi? Nauli ni ngapi?
Mikono juu. Majibu sahihi, yote,
hata ya Barasa wa nyuma, aliyelala nusu.

Nilikuwa nafuta ubao
Kwamboka aliposema: Mwalimu, rudisha kidogo.
Hapo. Kabla mwanamke hajasema ndiyo.

Nikarudisha.
Nyundo. Mkwaruzo. Kisha pumzi,
fupi, kama ya mtu anayetua ndoo
akakumbuka bado ghorofa tatu.

Hataki aende, akasema Kwamboka.
Kinywa kimekubali, yeye hajakubali.

Miaka tisa nafundisha mazungumzo haya.
Najua koti ni la kijivu,
najua hata chenji aliyorudishiwa.
Pumzi hiyo sijawahi kuisikia.

Kengele ikalia. Hawakuinuka.
Mara ya tatu haimo kwenye silabasi;
nikabonyeza,
na vichwa arobaini na sita vikainama mbele,
cha Barasa kikiwamo.

Jioni, nyumbani Umoja,
nilimwambia mke wangu nitachelewa tena Ijumaa.
Akajibu, sawa.
Nikaweka kijiko chini.