Mgeni Njoo

Chupa ya maji ya mfereji, nyuma ya soko la Ngamiani.
Usiku mmoja tu, na sahani ya Mwanaidi ina matundu
kama khanga iliyoliwa na mende.

Nani kala? Hadubini ya Bombo haimfikii.
Tunamjua kwa mchoro: kichwa cha nyuso ishirini,
ala ya pete juu ya pete, miguu sita,
tumbo hana.

Anatua. Anapapasa. Ala inajikunja ghafla,
sindano inazama, uzi unamiminika,
na mkia wa bakteria bado unazunguka,
haujui kwamba nyumba imeshauzwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji yupi?
Huyu wa sahani amepasuka.
Yule wa kitanda cha tisa,
dawa tano zimeshindwa na mguu wake,
anauliza kama chai ipo.