Ruhusa ya Kutwa

Magesa aliandika kwa chaki kwenye mlango wa jiko:
MPISHI, RUHUSA HADI SAA KUMI NA MOJA.
Mabehewa kumi na tisa yashushwe kwanza,
ya ngano, ya saruji, moja la kitu kisichotajwa.
Nikavua aproni. Nikashuka Port Bell
na viatu vya Idi.

Ardhi ilinipokea vibaya.
Baada ya siku za majini, lami ya Luzira
ilipanda na kushuka chini ya soli,
nikashika nguzo ya umeme kama mlevi wa asubuhi.
Kijana wa boda akaniuliza kwa Kiganda,
nikamjibu kwa mkono: juu, mbele, popote
panapopikwa na mtu ambaye si mimi.

Maana hilo ndilo nililolitaka, niseme kweli.
Wenzangu hushuka kutafuta bia, simu za bei poa.
Mimi nataka kukaa.
Nataka sahani inijie.
Miaka kumi na minne nimekula nimesimama,
nikionja chakula cha watu
kabla hakijawa chakula.

Kibanda cha mabati ya bluu, kando ya soko.
Ndizi zimefunikwa kwa majani yake zenyewe,
mvuke ukivuja pembeni kama umbeya.
Mwenye kibanda, Nnalongo, mama wa mapacha,
alikuwa amenipa mgongo.
"Habari za jikoni, mama? Naomba chakula, tafadhali."

Mgongo ukakakamaa.
Mwiko ukasimama hewani.
Akageuka polepole, akatazama viatu vyangu kwanza
(akitafuta buti, nilikuja kuelewa baadaye),
kisha mikono, kisha uso.
"Kiswahili," akasema, kwa Kiswahili,
kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni.

Lakini alinipakulia. Matoke, na luwombo:
jani likafunguka, karanga na samaki wa moshi,
nikala nimekaa. Nimekaa!
Meza ikatulia, na dunia nayo ikaacha kuyumba.

Akavuta kigoda.
"Nilikuwa na miaka tisa. Kizuizini, njia ya Jinja,
lugha hii ilikuwa na maneno manne:
Simama. Shuka. Toa. Lala.
Baba alilala.
Sikujua kwamba ina naomba.
Sikujua kwamba ina tafadhali."

Tonge lilikuwa mkononi.
Mwaka ule nami nilikuwa mtoto, ng'ambo ya ziwa hili hili,
na maneno yale yale
yakinifundisha majina ya ndege.
Ningesema nini? Mpishi hujua:
usiongeze kitu kwenye chungu cha mwenzio.
Nikamaliza sahani. Nikalamba vidole.

"Kimepungua nini?" akauliza. Alishaniona fani yangu.
"Chumvi," nikasema. "Kidogo."
Akacheka hadi mapacha, watu wazima wenye ndevu,
wakachungulia kutoka uani.
"Ulimi wako umezoea kupikia watu wa jasho!"
Kisha, akifuta meza ambayo haikuwa chafu:
"Nipe neno jingine."

Kama mteja anayeongeza mchuzi.
Nikampa karibu; hilo analo, liko kwenye matangazo ya benki.
Nikafikiri. Nikampa pole.
"Ni la nani hilo?"
Ni la mtu aliyekuta maumivu, nikasema,
si la aliyeyaleta.
Akaliweka kinywani, akalizungusha,
macho yamefumba, kama mimi na supu.
"Hili," akasema, "limekolea."

Hela yangu aliipokea, akaihesabu mara mbili.

Saa kumi na moja kasoro nilipanda ngazi.
Chaki ilikuwa imefutwa, gunia la vitunguu limefunguliwa,
chuma kikaanza kutetemeka chini ya unyayo
na miguu yangu, wajinga wale, ikafurahi.
Usiku ule niliwapunguzia chumvi.
Hakuna aliyesema kitu,
ila Lubango, aliyeuliza kama naumwa.