Yanayorudi Jikoni

Kazi yangu ni beseni na povu.
Ukumbi wenyewe nimeuona mara mbili:
siku niliyoajiriwa, na siku umeme ulipozimika
nikatumwa na mishumaa.
Lakini waliokula nawajua.
Sahani haijui kuficha.

Meza ya nne, upande wa vioo.
Pweza wa ukwaju na ufuta, elfu mbili mia nane.
Imerudi nyeupe, imepanguswa kwa kidole.
Kidole, maana mkate hapa hawatoi.
Naufuata mchirizi ukizunguka ukingo
na vijiti kando, vikavu, havijafunguliwa karatasi.
Huyo ni wa kwetu.
Amesahau kwamba anatazamwa.

Meza ya saba wamechafuka.
Chengo kaingia na sinia begani, kwapa zimelowa:
"Ati wamekaa saa nzima na robo!
Ati vipande vitatu vya jodari juu ya jiwe,
na jiwe nalo liko kwenye hesabu?"
Jiwe nimelisugua. Jiwe ni jiwe,
nyumbani Kisauni tunasugulia visigino.
Bakuli la supu limefuatia,
ndani yake ndimu sita, zimekamuliwa mpaka maganda yakapinduka.
Supu haikuwa na kosa, yakhe.
Ilikosa Mombasa tu.

Mzee Bakathir huja kila Alhamisi, peke yake,
huagiza tambi zile zile, hubakiza kamba mmoja.
Leo kabakiza wanne.
Kamwambia Chengo, polepole, akipangusa miwani:
"Mgema huyu kasifiwa mno."
Mpishi kasikia kupitia dirisha la chakula.
Hakusema neno. Aligeuza kikaango kikiwa kitupu.

Wa kona ya ndani ni wawili.
Sahani moja imeisha, hata jani la pambo limeliwa.
Ya pili haijaguswa.
Mchele umekakamaa, samaki bado ana ua lake mdomoni,
na pembeni, kwenye leso ya karatasi, wanja.
Nilimwuliza Chengo waliongea nini.
"Walilipa," akasema.
Basi nikaimwaga, ua likaelea juu ya ndoo,
nami nikaangalia pengine.

Sasa nieleze la mchuzi.
Kwenye orodha una jina refu,
nilimwomba Chengo anisomee, ulimi ukamkwama:
povu la nazi la Bangkok, na mchaichai, na kitu kingine.
Wageni huufumbia macho.
Kuna mama wa Kizingo, Bi Shekue,
aliletwa na mwanawe aliyekuja likizo kutoka Doha,
ameunywa kwa kijiko, akaomba tena, akalipishwa tena,
akamwuliza Chengo hiyo nazi inatoka nchi gani.

Nazi inatoka Kongowea.
Saa tisa mchana, jua limesimama uani,
nakaa juu ya mbuzi, naikuna mimi, nazi kumi na nane,
nalikamua tui kwa kifumbu cha marehemu bibi
kwa sababu mashine yao hulichoma.
Kidole hiki kina kovu la mbuzi huyo.
Chengo alitaka kumwambia Bi Shekue.
Akakumbuka koti lake jeupe, akasema:
"Ya kwetu, mama, ya hapa hapa,"
na yule mama akacheka, akidhani ni utani.

Bakuli lake nimeliosha mwisho.
Kabla ya kuliosha nililiinamisha.
Tone moja lilikuwa limebaki.
Mchaichai umeniudhi, nasema kweli,
unapiga kelele kama mgeni arusini.
Lakini chini yake, kwa mbali,
tui.

Saa sita kasoro meneja amesimama mlangoni,
anahesabu vijiko, ananiuliza bila kunitazama:
"Mbodze, wateja leo wameridhika?"
Nimeitazama ndoo.
Nikamwambia imefika nusu.